Testi Ndio Resi: Kuseti Tu-stroki ya Motokrosi Nai

Wasee wengi wakiskia motokrosi huwaza tu ile siku yenyewe: geti inaanguka, vumbi inapanda, mbogi inapiga nduru. Mi nakushow resi ya Jumapili huamuliwa mapema, ile ngware mko trako ya Jamhuri, side ya Ngong Road, na fundi, jeti kadhaa za kabureta, zile za kupimia petroli, kwa mfuko na kijitabu. Ukikuja na nduthi haijasetiwa, hata ukuwe mkali aje, utakula vumbi ya madogo wenye wanaijua yao.

Na hapa naongea tu-stroki, injini ya mipigo miwili, ile inalia juu hadi unaiskia kwa meno. Krankshafti ikizunguka mara moja, imewaka. Fo-stroki inangoja mizunguko miwili. Tu-stroki haina valvu za kichwani, haina kemshafti, ndio maana mashine ka Yamaha YZ125 ni nyepesi hivyo. Ukiwa na spana poa na mtu wa kukufunza, unafungua silinda hapo kwa veranda ya keja, unabadilisha pistoni na ringi, unafunga kabla giza iingie. Kwa kijana mwenye hana ganji mob lakini ako na mikono na masikio, hiyo ni baraka.

Anza na mafuta

Tu-stroki haina oili ya pistoni imekaa chini ka fo-stroki. Ile oili inalinda pistoni na bearingi inakuja ndani ya petroli. Ukitumia 40 kwa 1, lita 5 za petroli zinakula mililita 125 za oili. Ukienda 32 kwa 1, ni kama 156. Fuata buku ya nduthi, chagua moja, ukae nayo. Ju kuna kitu wasee hukosa kuona: ukiongeza oili, petroli yenye inapita kwa jeti inapungua. Moshi inajaa, unadhani injini imeshiba, kumbe petroli haitoshi.

Hewa ya Nai si ya Mombasa

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, karibu asilimia 15. Sa ukiwa na jeti zenye zilipangiwa hewa nzito ya chini, petroli inazidi. Nduthi inakohoa, plagi inalowa, na ile nguvu ya katikati inakuja imelala. Hapo usikimbilie kununua eksozi mpya. Punguza jeti kwanza.

Kabureta inafanya kazi kwa zamu. Throto ikiwa imefunguka kidogo, hadi robo hivi, kazi ni ya pailoti jeti na skrubu ya hewa. Kutoka robo hadi robo tatu, ni sindano. Kutoka hapo hadi mwisho, ni meni jeti. Kwa hivyo kabla ushike bisibisi, jua shida inatokea throto ikiwa wapi. Bandika tepu kwa gripi, chora alama ya robo, nusu na robo tatu, ndio usikuwe unabahatisha. Ukifungua ghafla ikakata pumzi, mara nyingi petroli ni kidogo. Ikitapatapa na kutema moshi, imezidi. Kwa sindano, ukishusha klipu alama moja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Ukipandisha klipu, inapungua.

Alafu sheria yenye sitawahi kuibishania: badilisha kitu moja tu. Zunguka trako, rudi, andika. Ukigusa jeti, sindano na presha ya tairi kwa mpigo, na nduthi ikawaka fiti, hujui ni gani imekuokoa. Andika pia saa na hali ya hewa, ju ile baridi ya Julai asubuhi inafanya hewa ikuwe nzito, na jua ya saa saba inaifanya nyepesi. Jeti ya ngware inaweza kukusumbua mchana.

Plagi itakuambia ukweli

Unataka kujua meni jeti iko sawa? Weka plagi mpya. Injini ikishapata moto, pandisha gia kwa ile straiti ndefu, fungua throto yote, alafu kwa mpigo moja shika klachi na uzime injini. Usirudi paddoki ukiwa umewasha, ju utafuta ushahidi. Toa plagi uicheki. Kahawia: uko poa. Nyeusi na imelowa: punguza jeti. Nyeupe: testi imeisha hapo, weka jeti kubwa, ju pistoni iko karibu kushika na injini itanoki. Ndio maana tunaanza na petroli imezidi kidogo, tukishuka mos mos. Plagi chafu ni bei ya chipo. Silinda iliyokwaruzwa inakukalisha nje msimu mzima.

Nduthi ikukalie

Injini ikiwaka, panga suspensheni. Msee mmoja apime nduthi ikiwa kwa stendi, kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwa fenda. Alafu vaa kila kitu, helmeti hadi buti, ukalie, apime tena. Tofauti ikuwe karibu milimita 100. Ikikataa hata ukikaza springi, hiyo springi si ya kilo zako. Ju hewa ya huku inakula nguvu, testi pia sproketi ya nyuma yenye iko na jino moja zaidi. Itavuta haraka ikitoka kona.

Na heshimu ile bomba ya eksozi imefura tumbo. Si urembo. Miaka ya 1950, injinia Walter Kaaden wa kampuni ya pikipiki ya MZ, Ujerumani Mashariki, alifanyia hiyo bomba kazi hadi ikatii: wimbi linatoka kwa silinda, linagonga mwisho wa tumbo, linarudi na kusukuma ndani petroli mbichi yenye ilikuwa inahepa. 1961 rider wake Ernst Degner akatoroka, akapelekea Suzuki hiyo siri, na 1962 akawashindia taji ya dunia ya 50cc. Sa bomba yako ikibonyea, hilo wimbi limeharibiwa njia. Inyooshe kabla utesti kitu ingine.

Ukisafiri, anza upya

Chukua hiyo nduthi ya Jamhuri uipeleke Garuga, Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Ziwa liko kama mita 1,130, so umeshuka zaidi ya mita 500. Hewa imekuwa nzito, jeti yako ya Nai imekuwa ndogo, na ukiifungulia yote unaeza kuunguza pistoni kabla lapu ya kwanza iishe. Mwenye ako na kijitabu anapandisha jeti, anacheki plagi, anaenda geti akiwa ametulia.

Hii elimu haitaki mzazi tajiri. Mbogi ya wasee wanne inaweza kuchanga jeti za saizi tofauti, ishare spana, na ipigiane taimu. Ka uko na ganji ya kitu moja wiki hii, wachana na stika. Chukua jeti na kijitabu, ukuje testi.