Safari ya Nchi Jirani: Pa Kwenda na Pa Kulala

Mtu wa Kisii au Nyamira atakaye kuzuru nchi jirani yafaa atazame kwanza hati aliyo nayo. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Lakini aendaye Mwanza, kwa njia ya Migori na Isebania, hana budi kuwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Akiikosa aweza kurudishwa mpakani, na nauli imekwisha potea.

Tena atafute malazi kabla ya kuondoka. Akiwa na ndugu huko, ampelekee habari mapema. Akitaka nyumba ya wageni, afike mchana, aulize bei, akione chumba ndipo alipe. Afikaye usiku hachagui; hupokea apewacho.