Kanada: Uraia kwa Hesabu ya Siku

Kanada ni nchi ya pili duniani kwa ukubwa wa eneo, ikitanguliwa na Urusi tu. Ina majimbo 10, maeneo 3 ya kaskazini, na lugha mbili rasmi, Kiingereza na Kifaransa. Familia ya Kithimani, Yatta, hapa Kenya, yenye kijana Toronto au Calgary haikawii kuuliza: ukazi wa kudumu ameshapata, uraia je?

Sheria ya huko inahesabu siku. Muombaji lazima awe ameishi ndani ya Kanada siku 1,095, yaani miaka mitatu, katika miaka mitano iliyotangulia ombi lake. Kabla ya Oktoba 2017 ilikuwa miaka minne katika sita.

Siku alizokaa kihalali kwa viza ya masomo au ya kazi nazo humfaa, ila kila moja huhesabiwa nusu, na jumla yake haizidi 365. Aliyesoma miaka miwili kisha akapewa ukazi huanza na mwaka mmoja kibindoni; akikaa miwili zaidi bila kutoka, anaweza kuomba. Akija nyumbani Yatta miezi mitatu kwa mazishi ya mzazi na mambo ya shamba, hana kosa, lakini miezi hiyo haihesabiwi. Akikawia mno, ukazi wenyewe huwa hatarini, kwani kuulinda kunadai siku 730 katika kila miaka mitano.

Tena awe amewasilisha ritani za kodi za miaka mitatu, kama alipaswa. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 54 huthibitisha kwamba anajua Kiingereza au Kifaransa, kisha hufanya mtihani wa maswali 20, akitakiwa kupata 15. Mwisho huapa utii kwa Mfalme Charles III.

Je, atapoteza Ukenya? La. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya wa kuzaliwa hubaki Mkenya hata akichukua uraia mwingine; sheria ya 2011 inamtaka autangaze ndani ya miezi mitatu.

Jambo moja wazee walipime mapema: Ibara ya 78 ya Katiba hiyo inamkataza ofisa wa Serikali, mjumbe wa bunge la kaunti (MCA) akiwemo, kuwa na uraia wa nchi mbili. Kijana anayekinyemelea kiti cha MCA wa wadi ya Kithimani atalazimika kuurudisha ule wa Kanada, pamoja na siku zake zote 1,095.