Kozi Aliyevunjika Bawa na Haki Yake kwa Aliyemwokota

Mvua za vuli zinapoanza kuteremka Handeni na Korogwe, kumbikumbi hutoka ardhini, na watoto wa Kwedizinga hukimbia na makopo kuwakusanya. Juu ya vichwa vyao huwapo wageni wanaoitafuta riziki hiyohiyo. Ni makundi ya kozi wadogo, wengine wenyeji huwaita vipanga, wenye mabawa marefu yaliyochongoka, wakizunguka na kudaka kumbikumbi hewani. Huyu ndiye kozi wa Amur, aliyepewa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na China. Ana uzito wa gramu 150 hivi. Huanguliwa huko mashariki ya mbali, akapita India, kisha akaivuka Bahari ya Hindi kwa kiasi cha kilomita 3,000 bila kutua. Safari yake ya kwenda upande mmoja ni zaidi ya kilomita 10,000.

Ndege aliyevuka bahari kwa uwezo wa Mola wake huweza kuangushwa shambani kwa jiwe moja la manati. Asipokufa, hufungwa uzi mguuni akawa mchezo wa watoto mpaka afe kwa njaa na kihoro. Wazazi wengi huliona jambo hili dogo. Sisi hatulioni hivyo, na dini yetu haikulifanya dogo.

Imo katika Sahihi Muslim habari ya Abdallah bin Umar (Radhi za Allah ziwe juu yake), aliyewapita vijana waliomfunga ndege wakamfanya shabaha. Walipomwona walitawanyika, naye akawakumbusha kuwa Mtume (Rehema na Amani zimshukie) amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Katika Sunan Abi Dawud imo habari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake. Mtume alimwona mama yao akipapatika, akauliza ni nani aliyemtia uchungu, akaamuru arudishiwe wanawe. Na Suratul-An'aam, aya ya 38, inatufundisha kwamba ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma kama sisi tulivyo umma. Aliyeokota ndege mwenye jeraha, basi, ameokota mwenye haki.

Tunajua neno litakalosemwa na akina mama wafugao kuku: ndege hawa ndio wanaotumalizia vifaranga! Malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini yanamwangukia asiyehusika. Anayeteremka uani na kupaa na kifaranga mara nyingi ni mwewe, mwenye mkia uliopasuka kidogo kama wa samaki. Kozi wa Amur hula kumbikumbi, panzi na nzige. Mkulima wa mahindi angepaswa kumkaribisha kwa furaha.

Wenzetu wa Kenya wamekwisha kuifanya kazi hii kuwa taaluma. Huko Naivasha, na pia Soysambu karibu na ziwa Elmenteita, kuna vituo vya taasisi iitwayo Kenya Bird of Prey Trust, ambayo miongoni mwa wataalamu wake ni Simon Thomsett na Shiv Kapila. Vituo hivyo hupokea tai, kozi, mwewe na bundi walionaswa na umeme wa nguzo, waliogongwa na magari, waliojigonga kwenye nyaya na waliokula sumu. Kituo cha Naivasha kilianza kwa kuwahudumia bundi. Hilo linatupendeza kulitaja, kwa sababu bundi kwetu huuawa kwa kudhaniwa ndege wa wachawi, ilhali Mtume (Rehema na Amani zimshukie) alikwisha kuzikanusha itikadi za nuksi, na ya bundi akiitaja miongoni mwazo.

Kazi yenyewe inataka subira. Mfupa wa ndege huunga haraka kuliko wa mwanadamu, kwa muda wa wiki tatu hivi, na hapo ndipo penye hatari. Bawa lililoachwa bila kunyooshwa litaunga likiwa limepinda, na ndege hataruka tena maishani mwake. Kwa hiyo siku mbili au tatu za mwanzo ndizo za kuamua. Daktari hupiga picha ya mionzi, akafunga bawa ubavuni kwa bendeji, au akatia kijiti cha chuma ndani ya mfupa.

Jeraha likishapona, kozi huwa bado hajapona. Misuli imelegea, na kozi asiye na kasi hana chakula. Hapo hutumika elimu ya kale ya Waarabu na Waajemi ya kuwinda kwa kozi. Hufungwa kamba ndefu nyepesi, akarushwa kila siku kutoka mkononi, umbali ukiongezwa kidogo kidogo hadi pumzi yake irudi. Elimu hii si ngeni kwa Waislamu, kwani Suratul-Maaida, aya ya 4, imehalalisha kinachokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na kozi ameingizwa humo na wanazuoni wengi. Wahenga wa pwani nao walimjua vizuri, wakasema kuwa kozi akilala na njaa amependa mwenyewe.

Manyoya nayo yana dawa yake. Unyoya wa bawa uliovunjika hukatwa, ukaungwa unyoya mwingine mzima ulioanguka kwa ndege wa aina hiyo, kwa kijiti chembamba cha mwanzi na gundi. Ndege hasikii maumivu, kwa sababu unyoya uliokwisha kukomaa hauna damu, sawa na ukucha wetu. Kazi hiyo hufanywa kila siku katika hospitali ya kozi ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 1999. Huko Ghuba, Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan alianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwarudisha kozi porini baada ya msimu wa uwindaji. Hupimwa afya, hufanyishwa mazoezi, kisha hupelekwa Pakistan au nchi za Asia ya Kati na kuachiwa huru. Walioachiwa tangu hapo ni zaidi ya 2,000.

Ziko sababu za kuharakisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotazama aina 42 za ndege mbuai wa Afrika, ulikuta aina 37 zimepungua katika miaka 20 hadi 40 iliyopita. Lakini iko habari njema pia. Katika jimbo la Nagaland, India, wanakijiji walikuwa wakiwanasa kozi wa Amur kwa nyavu, na mwaka 2012 waliouawa kwa msimu mmoja walikadiriwa kuwa zaidi ya laki moja. Wazee wa vijiji, viongozi wa dini yao na serikali wakakaa pamoja. Msimu uliofuata nyavu hazikutandikwa. Kozi watatu wakafungwa vyombo vya setilaiti, na mmoja wao akapewa jina la kijiji kilichokuwa kikiwaua, Pangti. Hao ndio kozi wanaokuja kwetu. Kama wavuvi wale waliweza kuacha pato, kijana wa Kwedizinga hashindwi kuacha manati.

Basi afanye nini aliyemkuta kozi ameanguka? Amfunike kwa kanga au kitambaa, kichwa na vyote, kwani giza humtuliza. Amshike miguu kwa uangalifu, maana silaha yake hasa ni kucha. Amweke katika boksi la karatasi lenye matundu, mahali pakavu penye utulivu, mbali na watoto na paka. Asimpe maziwa, mkate wala ugali, na asimmiminie maji mdomoni, kwa sababu huingia katika njia ya pumzi akafa papo hapo. Kisha ampigie simu afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo. Kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Daktari wa mifugo aliye karibu aweza kulifunga bawa, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, kinakosomeshwa madaktari hao, hakiko mbali kwa mwenye kupita Segera na Chalinze.

Kubaki na kuku pia kuna adabu zake. Vifaranga wafungiwe tengani wiki za mwanzo, na sumu ya panya isitupwe ovyo, kwani panya aliyeila humuua bundi au kozi atakayemla.

Na siku ya kumwachia, pachaguliwe asubuhi yenye anga nyeupe, karibu na alipookotwa, ndege akiwa ameshiba. Kozi wa Amur huanza kurejea kaskazini mvua za masika zinapoingia. Aliyechelewa kupona asisukumwe hewani peke yake wakati wenzake wamekwisha kuondoka, bali atunzwe na wataalamu hadi kumbikumbi wa vuli ijayo watoke na kundi lirudi.