Kitanda Kisichohitaji Msumari

Watu wengi wakiona kitanda cha kamba cha zamani kisicho na msumari hata mmoja husema wazee walikosa chuma. Hoja hiyo haisimami. Mwanajiografia al-Idrisi, alipokamilisha kitabu chake mwaka 1154, alikitaja chuma kuwa ndicho kinachowaingizia watu wa Malindi faida kubwa. Na ukipita Mji Mkongwe, Unguja, utaona milango mikubwa iliyojaa vichwa vya misumari ya shaba. Misumari walikuwa nayo. Waliipa kazi ya pambo, na kazi ya kuunga wakaiachia mti.

Sababu iko ndani ya mti wenyewe. Ubao huendelea kucheza miaka mingi baada ya kupasuliwa: masika hunywa unyevu ukatanuka, kaskazi hukauka ukasinyaa. Kwa urefu wake hausogei kiasi cha kuonekana, lakini kwa upana unacheza sana. Msumari hauchezi. Msimu baada ya msimu tundu lake huzidi kulegea, mpaka siku unaweza kuuchomoa kwa vidole. Pwani kuna chumvi pia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo msumari huvimba na kuupasua ubao kutoka ndani.

Sasa kiangalie kitanda chenyewe. Miguu yake minne ni matendegu, mara nyingi yaliyokerezwa. Miti miwili mirefu ya ubavuni ni mifumbati, na miwili mifupi ya kichwani na miguuni ni vitakizo. Ncha ya kila mfumbati na kila kitakizo imechongwa ikapunguzwa, ukabaki ulimi, na ulimi huo unaingia kwenye tundu la tendegu. Pale ulimi unapoanzia pamebaki mabega, yaani unene wa mti ambao haukuchongwa, na mabega hayo ndiyo yanayoegemea tendegu. Fundi mzuri huyapishanisha matundu, la ubavuni na la kichwani, ili yasikutane yakalidhoofisha tendegu.

Kufikia hapo kitanda bado kinayumba. Ukikivuta, ndimi zinatoka. Kinachokikamilisha ni kuwambwa. Kamba au shupatu likizungushwa na kukazwa, linaivuta mifumbati miwili ikaribiane, na vitakizo navyo hivyo hivyo. Mvuto huo unayabana mabega yote kwenye matendegu. Mtu akilala, uzito wake unaikaza kamba zaidi, na kamba inazibana ndimi zaidi. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkubwa kuliko nakshi yoyote: nguvu ambayo ingeweza kukivunja kitanda ndiyo iliyopewa kazi ya kukishika.

Panapokosekana kamba, kama kwenye mlango au meza nzito, ulimi hufungwa kwa kijiti cha mti mgumu. Hapa kuna hila ambayo mafundi wa kale wa nchi nyingi waliijua. Fundi hutoboa kwanza nguzo kwa keekee, huingiza ulimi, hutia alama mahali tundu lilipo, kisha huutoa. Hatoboi penye alama. Hutoboa pembeni yake kidogo, kuelekea mabegani, kwa tofauti isiyozidi unene wa sarafu. Ulimi ukirudishwa, matundu hayalingani sawasawa, na kijiti kikipigwa nyundo hulazimika kupinda kidogo ili kipite. Katika kupinda huko huuvuta ulimi ndani ukakaza, hata bila gundi.

Kazi ninayoistahi kupita zote, hata hivyo, ni marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu. Marfaa bora huchongwa katika ubao mmoja tu. Katikati ya ubao fundi hupima mapingili ya bawaba. Huyachonga kwa patasi kutoka pande zote mbili, moja likiachwa mbele na la pili nyuma, hadi yazunguke yakiwa yamepishana kama vidole vya mikono miwili. Ndipo huupasua ubao katika unene wake, kutoka ncha ya juu na kutoka ncha ya chini, akisimama kila upande anapofika kwenye bawaba. Ukifunguka, vinatoka vibao viwili vilivyoshikana ambavyo haviwezi kutenganishwa bila kuvunjwa. Hakuna kiungo kilichoongezwa. Patasi ikiteleza kwenye pingili la mwisho, kazi yote imepotea.

Viti vya enzi vya Lamu, Pate na Siyu vina sifa zaidi kwa mpingo na vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa, nami sitaki kuvipunguzia heshima. Ila navyo ni vya ndimi na matundu, na vibao vyake vya kuwekea miguu huchomoka. Anayetaka kujifunza aangalie kona za kiti kabla ya kuangalia pambo.

Ukirithi kitanda kilicholegea, basi, usikubali kipigwe misumari au kufungwa vyuma vya kona. Mwambie fundi afungue kamba kwanza, atoe mifumbati na vitakizo, akague kila ulimi na kubadilisha uliovunjika kwa mti mkavu wa aina ile ile. Akimaliza, akiwambe upya kwa kamba iliyokazwa barabara.