Beki wa tatu ni wa nini?

Umepanga 3-4-3. Jumamosi imepita, Jumapili imepita, na Jumatatu usiku unagundua kuwa beki wako mmoja hakukanyaga nyasi hata dakika moja. Benchi una kiungo aliyefunga mawili, tena ulimweka wa kwanza kwenye foleni ya kuingia. Haingii. Mfumo unamruka na kumchukua beki wa bei ya chini ambaye timu yake imefungwa manne, naye kaongeza kadi ya njano juu, kwa hiyo anakuletea hasi moja. Na kama beki huyo na mwenzake wa benchi hawakucheza, unamaliza wiki na watu kumi, kiungo wako anakuangalia tu na mabao yake.

Anayecheza Fantasy Premier League anaijua hasira hiyo, na anaijua kanuni inayoileta: kikosi kinachoanza lazima kiwe na kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu na mshambuliaji asiyepungua mmoja. Hoja ya kuwatetea mabeki hao watatu ni kwamba bila wao kila mtu angejaza viungo na washambuliaji. Hoja hiyo inasikika vizuri mpaka uchukue kalamu. Wachezaji wako 15 tayari wamegawanywa: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Wa mbele wote ukiwajumlisha ni 8. Nafasi za ndani, ukimtoa kipa, ni 10. Hata kanuni ikifutwa leo, huwezi kushuka chini ya mabeki wawili. Ubishi wote huu, kumbe, ni wa nafasi moja.

Wamarekani, kwa ule mpira wao wa mkono na helmeti, walilikuta swali hili kabla yetu. Mchezo wenyewe wa fantasy ulianzia kwao: mwaka 1962 Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa wa Oakland Raiders, alikaa na wenzake katika hoteli moja ya New York wakati timu ikiwa safarini, wakabuni kanuni, na mwaka uliofuata timu nane za kufikirika zikachaguana wachezaji. Siku hizi ligi nyingi za huko zina nafasi moja iliyoachwa wazi, fleksi, ambayo unaweza kumweka mkimbiaji, mpokeaji, au yule wa pembeni mwa ukuta anayezuia na kupokea pia. Ina faida ya wazi, kwa sababu kila timu ya NFL, ligi yao kuu, hupumzika wiki moja katika msimu, na majeruhi huko ni wengi. Nafasi hiyo humwokoa mtu aliyeishiwa wakimbiaji.

Ila uhuru wake unategemea pointi zinavyogawiwa, na hapa ndipo wengi wanaoipigia debe hupita haraka. Kwenye ligi isiyotoa pointi kwa kudaka mpira, fleksi huishia kwa wakimbiaji. Ukitoa pointi nzima kwa kila mpira uliodakwa, wapokeaji wanaivamia. Ukitoa nusu, ndipo watu wanakuna vichwa. Kuna ligi zinazoruhusu hata kwotabeki, yule mrusha mipira, aingie humo. Kwa kuwa yeye huvuna pointi kuliko wote, kila mwenye akili anamweka yeye. NFL ina timu 32, kila moja na kwotabeki mmoja anayeanza, hivyo ligi ya watu 12 inatafuna 24 kati yao. Nafasi inaitwa huru, lakini kila mtu anaijaza vilevile.

Hiyo ndiyo sababu, kwa miaka mingi, ningeitetea kanuni ya mabeki watatu. Bao la mshambuliaji lina pointi 4, la kiungo 5, na kiungo huongezewa moja timu yake isipofungwa. Mohamed Salah alipovunja rekodi kwa pointi 344 msimu wa 2024/25, alikuwa ameandikwa kiungo. Angeandikwa mshambuliaji, mabao yake 29 pekee yangemgharimu pointi 29. Katika hali hiyo beki alikuwa mtu wa kubania bajeti ya pauni milioni 100. Kama tungeruhusiwa wawili, wote tungeanza na wawili, na tungekuwa tumebadilisha sare tu.

Msimu wa 2025/26 umeleta jambo jipya. Beki akifikisha matukio 10 ya kukaba, kuzuia, kunasa pasi na kuondosha mipira, anapata pointi 2, hata timu yake ikifungwa. Viungo na washambuliaji wanatakiwa 12, ingawa wao huhesabiwa pia mipira waliyoirejesha. Beki wa kati anayeshambuliwa mchana kutwa amepata thamani. Sasa kumwacha benchi kunauma, na ndiyo maana sasa kanuni inaweza kulegezwa.

Kuna watakaosema hakuna timu inayocheza na mabeki wawili. Uingereza yenyewe ilicheza hivyo kwa miongo: 2-3-5 ndio uliokuwa mfumo wa kawaida, mpaka sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925 na Herbert Chapman akamrudisha mtu wa tatu nyuma pale Arsenal.

Ningeanza kwa tahadhari hata hivyo. Meneja apange watatu kama kawaida kabla dirisha halijafungwa, lakini mmoja asipocheza, aingie aliye wa kwanza kwenye foleni, awe beki au asiwe. Wajanja wataanza na beki wa milioni 4 asiyecheza ili kiungo wao wa benchi aingie. Waacheni. Kocha akimwingiza beki huyo dakika ya 89, anahesabiwa amecheza, anapata pointi yake moja, na kiungo anabaki benchi na mabao yake mawili.