Ukisafiri, Mkopo wa HELB Haukungoji

Kijana wa Kenyenya, Kisii, aliyesomeshwa kwa mkopo wa HELB anapopata safari ya miezi mitatu au minne, iwe ni kozi fupi Uingereza au kumtembelea dadake Minnesota, ambako Wakisii ni wengi, huhangaikia viza, tiketi na koti la baridi. Mkopo haumjii akilini. Lakini sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) mwaka 1995 inamdai akiwa Kisii, akiwa Minneapolis, na siku ya kulipa ikifika imefika.

Wengi huogopa riba, na hapo ndipo hesabu inapowapotosha. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Anayedaiwa shilingi 200,000 hutozwa takriban 8,000 kwa mwaka, yaani chini ya 700 kwa mwezi. Kinachoumiza ni faini: shilingi 5,000 kwa kila mwezi uliopita bila malipo. Kwa miezi minne, riba haifiki 2,700, ilhali faini ni 20,000, na fedha hizo hazipunguzi deni lenyewe hata kwa senti moja.

Walioajiriwa ndio hunaswa kwa urahisi zaidi. Wamezoea makato kutoka kwenye mshahara bila wao kunyanyua kidole. Ukichukua likizo bila malipo, hakuna mshahara wa kukatwa, na mwajiri hana cha kupeleka HELB. Jukumu linakurudia wewe, mara nyingi bila mtu kukukumbusha.

Dawa yake ni rahisi, ila iandaliwe kabla ya kupanda ndege. HELB hupokea malipo kwa M-Pesa kupitia Paybill 200800, na namba ya akaunti ni namba ya kitambulisho cha mkopaji. Kwa hiyo ndugu yako aliyebaki Kenyenya anaweza kukulipia kwa simu yake, mradi aandike namba ya kitambulisho chako, si chake. Mteue mtu mmoja, mpe tarehe, mwachie fedha za miezi yote ukiweza, na akutumie ujumbe wa M-Pesa kila anapolipa. Usiwaachie watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshalipa. Ukipendelea kulipa yote kwa mkupuo, hilo ni jema, lakini pata jibu la HELB kwa maandishi kwamba miezi ijayo imehesabiwa.

Laini yako ya Kenya pia isizimwe. Washa huduma ya kutumia laini ng'ambo kabla ya kuondoka, kwa sababu mkopeshaji anatakiwa kumpa mkopaji notisi ya siku 30 kabla ya kumpeleka CRB, shirika linalotunza taarifa za wakopaji. Notisi iliyotumwa kwa simu iliyolala kabatini ni sawa na kutotumwa, na ukishapelekwa CRB, benki au sacco inaweza kukunyima mkopo wa shamba au wa biashara.

Kuna jambo linalonigusa zaidi. Fomu ya mkopo ina wadhamini, na katika vijiji vyetu wadhamini hao mara nyingi ni baba na mama. Deni likikwama, wao ndio wanaoweza kutafutwa, na hawana mshahara. Wana majani chai, ndizi na bonasi ya chai ya kila mwaka. Si haki bonasi hiyo ilipie faini ambayo mtoto angeiepuka kwa kupanga mapema.

Aliyemaliza masomo juzi ana mwaka mmoja kabla ya kuanza kulipa, na safari haiuongezi. Asiye na kazi azungumze na bodi wakubaliane kiwango anachokimudu.

Ukirudi kazini, itazame hati yako ya kwanza ya mshahara. Makato yakiwa yamerejea, mwambie nduguyo aache kulipa. Yakiwa hayajarejea, aendelee hadi mwajiri arekebishe. Kisha fungua taarifa ya mkopo kwenye tovuti ya HELB na ulinganishe kila malipo na ujumbe wa M-Pesa uliotumiwa.