Upande wa Pili wa Ubao wa Ludo

Msomaji wetu mmoja wa Morogoro ameuliza swali ambalo wazazi huulizana kila shule zikikaribia kufungwa. Ana binti wa darasa la kwanza na fedha ya kununua mchezo mmoja tu. Dukani ameonyeshwa kompyuta ya plastiki inayoimba namba na kuwaka taa, fumbo la picha la vipande 100, na herufi za sumaku. Anataka kujua kipi kati ya hivyo kitamsaidia mtoto katika hesabu, na wakati huohuo asikichoke baada ya wiki moja.

Jibu langu halimo kwenye orodha yake. Huenda liko sebuleni kwake tayari, limelala kifudifudi. Mbao nyingi za ludo zinazouzwa madukani kwetu, zile za karatasi ngumu, zina mchezo mwingine mgongoni: nyoka na ngazi, miraba 100 iliyoandikwa namba. Wakubwa wakishaizoea ludo hawaugeuzi ubao huo hata mara moja kwa mwaka. Naomba augeuze.

Mambo ya umri uliochapishwa kwenye boksi, vipande vidogo mbele ya mdogo anayetambaa na rangi inayobanduka nitayapita. Mzazi yeyote makini anayajua. Fumbo la picha si baya, ila linafundisha kitu kingine. Kuhusu kompyuta inayoimba, mwaka 2016 mtafiti Anna Sosa wa Marekani alilinganisha wazazi wakicheza na watoto wao wachanga kwa vitu vya umeme vyenye sauti, na wazazi haohao wakifungua vitabu vya picha. Kwenye vitu vya sauti wazazi walisema maneno machache zaidi. Kitu kikiimba, mtu hunyamaza, na katika jambo ninalotaka kulieleza hapa, kunyamaza ndiko kunakoharibu.

Chukua karatasi, uchore mstari mrefu, uandike 0 mwanzoni na 100 mwishoni. Katikati usiweke alama yoyote. Mwambie mtoto wa chekechea aonyeshe 10 inakaa wapi, kisha 30, kisha 70. Usishangae akiweka 10 mbali sana na mwanzo wa mstari, pengine karibu na katikati, halafu 70 na 90 akazibananisha ukingoni. Robert Siegler na Julie Booth waliwapa watoto wa Marekani zoezi la namna hii, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba makosa ya wadogo hayakuwa ya ovyo. Yalikuwa na mpangilio. Ukiyachora kwenye grafu, yanafuata kwa karibu mkunjo wa logarithimu, ileile tuliyohangaika nayo sekondari tukifunua majedwali. Kwenye logarithimu, 10 inakaa katikati kabisa ya 1 na 100, kwa sababu kutoka 1 hadi 10 ni mara kumi, na kutoka 10 hadi 100 ni mara kumi vilevile. Mtoto ambaye bado hajui kufunga kamba za viatu anatembea na logarithimu kichwani!

Tena si mtoto peke yake. Mwaka 2008 Stanislas Dehaene na wenzake walitoa habari za Wamundurukú wa msitu wa Amazon, Brazili, ambao lugha yao ina majina machache ya namba na wengi wao hawakusoma shule. Hata watu wazima walipanga idadi za vitone kwenye mstari kwa mtindo huohuo wa kubananisha zilizo kubwa. Inaelekea huo ndio mpangilio wa asili wa akili. Mstari wenye nafasi sawasawa ni kazi ya kufundishwa.

Fikiria umesimama kandokando ya barabara ya Dodoma, kwenye nguzo ya kwanza ya umeme, unatazama mbele. Nguzo ya pili iko mbali nawe waziwazi. Ya tatu nayo unaitenga vizuri na ya pili. Ila ya ishirini na ya ishirini na moja zimekaribiana, na huko mbele, ya hamsini na ya hamsini na moja zimekuwa kitu kimoja. Macho hayana kosa; ndivyo barabara inavyoonekana kwa aliyesimama pale. Mtoto naye amesimama kwenye moja. Pipi moja na pipi mbili hawezi kuzichanganya, atalia machozi ukimpunja. Lakini 71 na 72 kwake zote ni "nyingi". Ukimweleza kwamba nguzo zimepishana kwa nafasi sawa, ataitikia "ndiyo, mwalimu" huku macho yake yakiona vingine. Dawa ni kumtembeza. Aende kwa miguu nguzo hadi nguzo, akisoma kwa sauti namba iliyopakwa kwenye kila moja, na atakapofika mbele ataona kuwa hatua za kutoka ya 71 hadi ya 72 ni zilezile alizopiga kutoka ya 1 hadi ya 2. Zaidi ya hapo, kila namba inapokuwa kubwa atakuwa amekwenda mbali zaidi, amepiga hatua nyingi zaidi, ametaja majina mengi zaidi, na muda mrefu zaidi umepita. Miguu, mdomo, masikio na saa vinatoa ushahidi mmoja. Baada ya safari kadhaa, hata akirudi kusimama kwenye nguzo ya kwanza, hawezi tena kuamini kwamba zile za mbali zimeshikana.

Barabara hiyo Siegler na Geetha Ramani, wakiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, waliijenga kwa ubao wa mchezo. Miraba 10 ya ukubwa sawa, imepangwa safu moja iliyonyooka, imeandikwa 1 hadi 10. Kishale cha kuzungusha kinatoa 1 au 2, mtoto anasogeza kete yake huku akitaja namba za miraba anayopita. Kundi la pili la watoto walipewa ubao wa namna hiyohiyo, ila wenye rangi mahali pa namba, nao wakataja rangi. Kila mtoto alicheza na mtu mzima mara 4, dakika kama 15 kila mara, ndani ya wiki 2. Jumla yake ni saa moja. Waliotaja namba waliboreka katika kuzisoma, kuzilinganisha, kuhesabu na kuziweka mahali pake kwenye mstari, na walipopimwa tena wiki 9 baadaye faida ilikuwa bado ipo. Waliotaja rangi hawakupata faida hiyo. Mwaka 2009 watafiti haohao walijaribu namba zilezile kwenye ubao wa mduara, nao haukufua dafu mbele ya ule ulionyooka.

Wale walikuwa watoto wa chekechea wa familia zenye kipato cha chini, na namba ziliishia 10. Binti yetu wa Morogoro amevuka hapo. Kwake yeye jaribio la maana zaidi ni lile ambalo Elida Laski na Siegler walilichapisha mwaka 2014, kwa ubao unaofika 100.

Tuseme kete iko kwenye 25 na zamu hii inakwenda hatua tatu. Kuna njia mbili za kuzihesabu. Ya kwanza ndiyo yetu sote: "moja, mbili, tatu." Ya pili: "ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na nane." Ubao ni uleule, kete inafika palepale, mshindi habadiliki. Lakini waliohesabu kwa njia ya pili ndio walioboreka zaidi katika kusoma namba na kuziweka kwenye mstari wa 0 hadi 100. Anayesema "moja, mbili, tatu" anaweza kumaliza mchezo mzima bila kuitazama namba hata moja. Kwake miraba ni mawe ya kuvukia tu. Anayesema "ishirini na sita" lazima aione, aisome, aishike pamoja na mahali ilipo.

Njia hii ya pili inahitaji jina fupi ambalo mtoto ataweza kumpigia nalo kelele mwenzake. Nilitaka "hesabu endelevu", ila neno hilo limeshachukuliwa na wafadhili. "Kuhesabu kwa kuendeleza" ni refu, linafaa ripoti. Nimekaa na "kuunga": unaunga pale ulipoishia. "Unga, usianze!" Linasemeka.

Kuunga kwa Kiswahili kuna utamu wake na miiba yake. Baada ya kumi, lugha yetu inasema wazi kilichomo: kumi na moja, kumi na mbili. Mtoto anayehesabu kwa Kiingereza hapo anakariri maneno mapya. Mwiba wetu uko kwenye makumi. Sitini inaitoa sita nje, sabini na tisini vivyo hivyo, kwa kuwa sita, saba na tisa nazo zilitoka Uarabuni. Lakini ndani ya thelathini hakuna tatu inayosikika, wala nne ndani ya arobaini, wala tano ndani ya hamsini. Ndiyo maana mtoto anafika ishirini na tisa, anameza mate, anasema "ishirini na kumi". Hajakosea kimantiki, ameifuata kanuni tuliyompa. Ubao unamwokoa hapo: mraba unaofuata umeandikwa 30, ile tatu iliyofichwa na jina inaonekana kwa macho, na mraba wenyewe unafunga safu ya tatu. Safu tatu zimejaa, kumi kumi. Sijui wimbo wa plastiki unaoweza kulionyesha hilo.

Faida yake inaonekana kwenye daftari. Mtoto anayejumlisha 38 na 25 bila kuchukua moja huandika 513, kwa sababu 8 na 5 ni 13, na 3 na 2 ni 5. Mwenye mstari ulionyooka kichwani anashtuka mwenyewe: 38 haiwezi kuruka hadi huko.

Ludo yenyewe je? Ina kuhesabu kwingi, lakini miraba yake haina namba na njia inazunguka, kwa hiyo kwa shabaha hii haifai. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na Alex de Voogt aliandika kitabu kizima mwaka 1995 juu ya ufundi wa wachezaji wake. Huko kunafundishwa kuona mbele, na mtoto afundishwe mapema, ila mashimo nayo hayana namba.

Nyoka na ngazi ina dosari zake. India ilikozaliwa, ngazi zilikuwa wema na nyoka dhambi, hesabu haikuwa hoja. Ngazi inamrusha mtoto mbele bila kuitembea njia, na safu zinapinda huku na huko. Kwa hiyo michezo michache ya kwanza ichezwe bila nyoka wala ngazi. Akilalamika, mrudishie nyoka peke yao, maana anayemezwa anaitembea njia mara ya pili. Atakapoizoea 100, zoezi la 0 hadi 1000 bado litamsumbua, kama lilivyowasumbua watoto wa darasa la pili ambao Siegler na John Opfer waliwapima mwaka 2003. Hapo ningebandika karatasi juu ya ubao na kuandika upya: 10, 20, 30, hadi 1000. Dadu ileile, ila kila hatua ni kumi, na mtoto anaunga kwa makumi.

Na iwepo sheria moja ya nyumbani: anayesema "moja, mbili" badala ya kuunga, kete yake inarudi ilipotoka. Iwahusu na wakubwa. Baba ndiye atakayenaswa zaidi, miaka ya ludo imemharibu.